Ichorieni Sauti Njia Yake: Nasaha kwa Wenye Kumbi na Makanisa

Ikiwa wewe ni mzee wa kanisa, au mjumbe wa bodi ya shule, au mwenye ukumbi wa sherehe hapa Ngokolo, Shinyanga, au mtu wa mawasiliano katika mojawapo ya migodi iliyotawanyika toka Mwadui hata Geita, na umekwisha kata shauri kutia mitambo ya kisasa inayopeleka picha na sauti kwa nyaya za mtandao badala ya kebo ndefu za zamani, nina neno la nasaha ambalo naomba ulisikilize kabla hujatia saini hati ya ununuzi. Usiiache sauti iifuate picha kila iendako, bali ichorie njia yake yenyewe, tangu pale inapotoka kinywani mwa msemaji hata pale inapoingia sikioni mwa msikilizaji. Wengi huchagua skrini kwa uangalifu mkubwa, wakapima upana wake na mwangaza wake, kisha wakadhani sauti itajileta yenyewe. Na ukumbi unapofunguliwa, picha inapendeza ilhali hotuba haisikiki, au inasikika mara mbili, au inanguruma kama mashine ya kusaga.

Vifaa ninavyovinena ni visanduku vidogo vinavyoweza kukaa nyuma ya luninga, na mafundi huviita transiva, kwa sababu kisanduku kile kile huweza kuamriwa kiwe mtumaji au kiwe mpokeaji. Mtumaji hupokea kebo ya HDMI toka kwenye kompyuta, kamera au king'amuzi, akaifinya picha na kuipeleka katika mtandao vipande vipande. Mpokeaji huvikusanya vipande vile na kuvirudisha kuwa picha juu ya skrini au projekta. Kati yao hukaa swichi ya mtandao, na waya wa Cat6 unaounganisha kila kisanduku na swichi haifai uzidi mita 100. Hilo halina maelezo marefu. Fundi yeyote aliyetia intaneti katika ofisi analifahamu.

Jambo linalotaka maelezo ni kwamba ndani ya kebo ya HDMI sauti na picha husafiri pamoja, na watengenezaji wengi hukiweka kisanduku kwa namna ambayo mpokeaji akichagua picha ya mtumaji fulani, hupewa na sauti ya mtumaji huyo huyo. Lakini ukifungua ukurasa wa mipangilio wa mpokeaji katika vifaa vilivyo bora, utaona mistari miwili: mmoja unauliza picha itoke wapi, na wa pili unauliza sauti itoke wapi. Mstari huo wa pili ndio asili ya makala haya. Aghalabu fundi huuacha kama alivyoukuta, na kwa kuuacha hivyo huwa ameamua, bila ya kumshauri mtu yeyote, kwamba watazamaji wote wa picha moja watasikia sauti moja.

Tazama basi kama uamuzi huo unafaa mahali petu. Chukua kwa kipimo tu Kanisa Kuu la Mama Mwenye Huruma, ambalo liko papa hapa Ngokolo na ndilo kiti cha askofu wa Jimbo Katoliki la Shinyanga, na ufikiri ni kitu gani kingehitajika huko siku ya upadrisho, watu wanapojaa ndani na waliosalia wakaketi nje chini ya mahema. Picha ni moja kwa wote: kamera iliyoelekezwa madhabahuni. Sauti si moja kabisa. Waliomo kanisani wanamwona askofu kwa macho yao na wanahitaji sauti ya maiki yake mara moja, bila ya kukawia. Walio hemani wanamwona katika skrini, nayo skrini hukawia. Kina mama waliokaa na watoto wachanga katika chumba cha pembeni wanataka sauti ya chini, isiyowaamsha waliolala. Redio, kwa mfano Radio Faraja ambayo ni ya Jimbo hilo hilo, ingetaka maiki na kwaya zilizochanganywa kwa mizani ya redio, bila mwangwi wa kuta wala kelele za viti. Na kama yupo mzee asiyeelewa Kiswahili vizuri, akakalishwa mahali ambapo mkalimani anafasiri kwa Kisukuma, huyo anahitaji picha ile ile ya askofu pamoja na sauti ya mtu mwingine kabisa.

Haja hiyo ya lugha si ya kanisani peke yake. Katika ukanda wa dhahabu, kikao cha mgodi na wanavijiji chaweza kuwa na mhandisi anayesema Kiingereza, mwenyekiti anayesema Kiswahili, na wazee wanaopenda kulisikia jambo la ardhi yao kwa Kisukuma, wote wakiitazama ramani moja ukutani. Mtu anayeelezwa habari za mipaka ya shamba lake au za fidia yake ana haki ya kuisikia kwa lugha anayoielewa barabara, na mtambo wenye kuweza kutenga sauti na picha unaiwezesha haki hiyo kwa gharama ndogo sana kuliko kujenga vyumba vitatu. Naliona jambo hili kuwa kubwa kuliko uzuri wa skrini, na kama fedha hazitoshi kwa yote mawili, ningeshauri skrini ipunguzwe.

Kwa hiyo kazi ya kwanza hufanyika kwa kalamu na karatasi. Piga jedwali. Upande wa kushoto andika kila mahali sauti na picha zinapotoka: kompyuta ya mimbarini, kamera ya kati, maiki za madhabahu, kwaya, mkalimani. Juu andika kila mahali zinapokwenda: spika za ndani, luninga ya mlango wa kushoto, hema, chumba cha kina mama, redio, na kompyuta ya kurekodia. Kisha katika kila chumba cha jedwali tia alama ya mraba kwa picha na ya duara kwa sauti. Utaona upesi kwamba miraba na miduara haikai pamoja, na kila duara lililokaa peke yake ni swali unalopaswa kumwuliza muuzaji: je, kisanduku hiki kinaweza kupokea sauti toka mahali tofauti na picha yake? Je, kikiwa mtumaji wa picha, kinaweza papo hapo kuipokea sauti ya mahali pengine na kuitoa kwa waya wa spika? Je, kina tundu la kuingizia sauti ya maiki pasipo HDMI? Vipo vifaa vinavyoweza yote hayo, vipo vinavyoweza moja tu, na kwa sura ya nje havitofautiani. Muuzaji akijibu kwa maneno ya jumla, mwombe akuonyeshe mstari ule wa pili wa mipangilio kwa macho yako.

Sauti ikishatengwa na picha husafiri kama mkondo wake wenyewe katika mtandao, na mzigo wake ni mwepesi sana. Mkondo wa sauti ya njia mbili, iliyopimwa mara 48,000 kwa sekunde kwa biti 24, ni kama megabiti 2.3 kwa sekunde kabla ya kuongezewa anwani zake. Ilhali picha kubwa, hata baada ya kufinywa, yaweza kufika megabiti 800 na zaidi, karibu kuujaza waya wa gigabiti moja. Ndiyo sababu si sahihi kusema kwamba mtandao hauna nafasi kwa sauti ya pili au ya tatu. Ulioweza kubeba picha moja utabeba na lugha kumi. Kuhusu lugha ambayo vifaa husemeshana kwa sauti, zipo kanuni zinazojulikana ulimwenguni, kama AES67 iliyotolewa mwaka 2013, na Dante ya kampuni ya Audinate ya Australia. Nasaha yangu ni kutonunua kisanduku ambacho sauti yake haieleweki ila na ndugu zake wa kiwanda kile kile, maana siku utakapotaka kuiunganisha na mashine ya kuchanganyia sauti ya kiwanda kingine utalazimika kurudi kwenye nyaya za zamani.

Mikondo hii hupelekwa kwa utaratibu ambao mafundi huuita multikasti. Mfano wake ni mnadi wa mji aliyepiga mbiu mara moja, na habari ikafika katika mitaa ile tu iliyokuwa imeomba kuisikia, hata kama mitaa ni 20, pasipo yeye kurudia maneno yake. Kazi ya kujua ni mtaa gani umeomba ni ya swichi, nayo haiwezi kuifanya isipowashwa kipengele kinachoitwa IGMP snooping, pamoja na mwulizaji wake mmoja ambaye kila baada ya muda huuliza ni nani angali anataka kusikiliza. Kikiwa hakikuwashwa, picha na sauti zote humwagwa katika kila waya, na vifaa vidogo vya sauti huzama. Kikiwa kimewashwa lakini hakuna mwulizaji, mambo hwenda vizuri kwa dakika chache, kisha sauti hukatika bila sababu ionekanayo, fundi akaizima na kuiwasha, ikarudi, ikakatika tena. Ukiona kukatika kwa namna hiyo, usikimbilie kubadili spika wala waya. Mwulize fundi kwanza nani ndiye mwulizaji katika mtandao wenu. Na swichi za bei ndogo zisizo na ukurasa wa mipangilio hazifai kabisa kwa kazi hii, hata ziwe mpya namna gani.

Kisha kuna saa. Vifaa vyote vinavyopokea sauti moja lazima vifuate saa moja, ambayo hutangazwa katika mtandao na kifaa kimoja kilichochaguliwa kuwa kiongozi. Saa zikihitilafiana, masikio husikia vidoko vidogo vidogo kama mchanga unaoanguka juu ya bati. Mchagueni kiongozi huyo kwa hiari yenu, kiwe kifaa kisichozimwa, wala msiviachie vifaa vichaguane vyenyewe. Na kile kipengele cha swichi cha kuokoa umeme, ambacho hulaza matundu yasiyo na kazi nyingi, kizimwe, kwa sababu huivuruga saa.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo ndilo gumu, nalo ni kukawia. Picha haiwezi kufinywa na kufunguliwa papo hapo. Ikiwa kamera hutoa picha 60 kwa sekunde, kila picha hushika kama milisekunde 17, yaani sehemu 17 za sekunde iliyogawanywa mara 1,000; na mtambo ukishika picha tatu njiani, kamera hata skrini, umekwisha kawia milisekunde 50. Sauti inayopita njia yake yenyewe yaweza kufika baada ya milisekunde chache tu. Matokeo yake ni kwamba sauti humtangulia msemaji, nawe humsikia kabla hajafumbua midomo. Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano ulitoa pendekezo mwaka 1998 lililoonyesha kwamba watazamaji huanza kutambua kasoro sauti inapotangulia kwa milisekunde 45 hivi, ilhali ikichelewa hawaitambui hadi karibu 125. Tofauti hiyo yaeleweka, maana tangu utotoni tumezoea kumwona mtu wa mbali akipiga shoka kabla ya kusikia mlio wake, wala hatujapata kuyaona kinyume chake.

Hapo ndipo unapoona faida ya kuichoria sauti njia yake, kwa sababu kipimo cha kukawia si kimoja kwa nyumba nzima. Ndani ya kanisa au ukumbi, maiki ya msemaji iingie katika mashine ya kuchanganyia na kutoka moja kwa moja kwenda katika amplifaya, isizungushwe kamwe ndani ya mtumaji na mpokeaji wa picha. Msemaji anayejisikia mwenyewe baada ya muda hupoteza mwendo wa maneno yake, na kwaya huvuta wimbo nyuma. Kwa luninga ya mlangoni, sauti icheleweshwe katika mpokeaji hadi ilingane na midomo. Na kwa hema la nje hesabu ni nyingine tena. Tuseme hema liko mita 35 toka spika za mlangoni. Katika joto letu la nyuzi 30, sauti hwenda kama mita 349 kwa sekunde, kwa hiyo ile ya mlangoni hufika hemani baada ya milisekunde 100. Spika za hema zikisema mapema, watu husikia kila neno mara mbili. Zichelewesheni basi milisekunde 110, ili sikio liisikie kwanza ile inayotoka kanisani na kudhani kwamba yote yatoka huko. Je, picha? Skrini ya hema imekawia 50, sauti 110, tofauti ni 60 upande wa kuchelewa, nayo imo ndani ya yale yanayovumilika. Kama skrini na sauti zingelazimishwa kufungwa pamoja, hesabu hiyo isingewezekana. Redio nayo ipewe sauti iliyotoka katika mashine ya kuchanganyia kabla ya ucheleweshaji wowote.

Kupima midomo na sauti hakuhitaji chombo cha fedha nyingi. Msimamishe mtu mbele ya kamera, apige kofi moja kubwa, nawe usimame karibu na skrini ya mbali na simu inayorekodi polepole kwa picha 240 kwa sekunde. Ukiitazama baadaye picha moja moja, utaona ile ambayo viganja vinagusana, na utalisikia kofi baada ya picha kadhaa. Kila picha ni kama milisekunde 4, na jumla yake ndiyo tofauti yako. Fanya hivyo katika kila skrini, wala usitosheke na moja.

Yapo maradhi mawili ya HDMI ambayo huwasumbua watu sana kwa sababu hufanana na uharibifu ilhali si uharibifu. La kwanza, luninga inasema lakini spika za dari ziko kimya. Mara nyingi king'amuzi au kompyuta inatuma sauti iliyofungwa kwa mtindo wa Dolby, luninga inajua kuifungua, na tundu la spika la transiva halijui. Ingia katika king'amuzi, uchague sauti ya PCM ya njia mbili, na spika zitasema. La pili, projekta ikizimwa ili watu waombe au wajadiliane, sauti ya kompyuta hufa pamoja nayo, kwa kuwa kompyuta huona hakuna tena chombo cha kupokea sauti. Dawa yake ni kukiamuru kisanduku cha mtumaji kiipe kompyuta maelezo ya skrini yasiyobadilika, iwe imewashwa au imezimwa.

Ikiwa mtafanya vikao vya mbali, tuseme kati ya Geita na Dar es Salaam, chungeni jambo moja la adabu ya mitambo: aliye mbali apelekewe kila sauti isipokuwa yake mwenyewe. Akirudishiwa sauti yake, atajisikia nyuma ya kila neno na atashindwa kusema. Katika jedwali lenu, duara la mtu wa mbali kwenda kwa mtu wa mbali liachwe tupu, na katika mashine ya kuchanganyia uandaliwe mchanganyiko mahsusi kwa ajili yake.

Umeme nao una sehemu yake. Sauti inapotoka katika transiva kwa waya wa kawaida kwenda amplifaya iliyochomekwa katika soketi ya upande wa pili wa ukumbi, mngurumo wa umeme wetu wa mizunguko 50 kwa sekunde huingia. Dawa ni nyaya zenye mizani, au transfoma ndogo ya kutenganisha, na si kuukata kamwe waya wa ardhi, ambao upo kulinda uhai wa watu. Baina ya jengo na jengo tumieni waya wa nuru, maana ukanda huu wa Ziwa una radi nyingi na waya wa shaba uliotandazwa nje huikaribisha ndani. Swichi ichomekwe katika betri ya akiba, kwa sababu umeme ukikatika na kurudi, swichi hukawia kuamka kuliko visanduku, na mikondo hupotea. Fauka ya hayo, hakikisheni fundi ameyahifadhi mabadiliko yake katika kumbukumbu ya kudumu ya swichi. Mengi yaliyofanywa kwa siku nzima yamefutwa kwa umeme kukatika mara moja, kwa sababu ya amri moja ya mwisho isiyoandikwa.

Kila mkondo upewe jina la mahali na la lugha, kama vile «Mimbari sauti Kiswahili» na «Mkalimani sauti Kisukuma», yasibaki yale majina ya tarakimu yaliyotoka kiwandani. Kijana atakayeshika mtambo Jumapili, fundi akiwa amekwisha rudi Mwanza, ataweza kuyasoma majina hayo, na tarakimu zitamtatiza.

Kwa hiyo nawaomba wajumbe wa kamati zote, kabla ya kulipa sehemu ya mwisho ya fedha za fundi, mwambieni awakabidhi vitu vitatu vilivyoandikwa: jedwali la picha na sauti kama lilivyotimizwa, vipimo vya kukawia vya kila mahali, na maneno ya siri ya swichi na ya visanduku vyote. Kisha mketi hemani, chumbani kwa kina mama, na karibu na spika ya mkalimani, mtu mmoja asome ukurasa mzima mimbarini, na msitie saini mpaka kila mmoja wenu amesikia kila neno pale alipoketi.